Sura ya Tano: Kazi ya Kusikiliza

Ujiji ilikuwa na wasomaji kabla haijawa na shule ya serikali. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipoingia pale Februari 1858, walikuta mahali ambapo wafanyabiashara wa pwani walikwisha kupazoea, na katika miaka iliyofuata mji ukawa kituo kikuu cha misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika kwenda Manyema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Pamoja na biashara hiyo, ambayo hakuna wa kujivunia, ilikuja misahafu, wakaja walimu wa chuo, yakaja na mazoea ya kumkalisha mtoto mkekani asome herufi kwa sauti mpaka zimkae kichwani. Mazoea hayo hayajafa. Alasiri watoto wakishatoka shule ya msingi na kutia chochote tumboni, hubadili nguo wakaenda madrasa, na anayepita mtaani huwasikia wakivuta irabu kwa pamoja.

Mtoto aliyepitia mkeka huo anafika darasa la kwanza na akiba ambayo mwalimu asipoangalia hataiona. Ameshajua kwamba alama ina sauti, na kwamba sauti mbili zikikutanishwa zinazaa ya tatu. Hapo ndipo penye ugumu mkubwa wa kusoma, kwa lugha yoyote ile. Anapoandikiwa ubaoni ba, be, bi, bo, bu, haanzi sifuri. Anabadilishiwa herufi tu, na mwelekeo, kwani sasa mstari unaanzia kushoto.

Lakini mkeka huohuo unatuonyesha jambo la pili. Mtoto anaweza kusoma juzuu nzima kwa sauti ya kupendeza pasipo kujua maana ya mstari hata mmoja, na hakuna anayemlaumu. Pale kusoma kwenyewe ni ibada, maana ina wakati wake na mwalimu wake. Shida huanza tunapokisikiliza kitabu cha Kiswahili kwa sikio lilelile. Tunamsikia mtoto akiteremka ukurasa bila kukwama, tunasema huyu anajua kusoma, tunaendelea na shughuli zetu.

Kiswahili kinatusaidia kudanganyika. Kinaandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto aliyeshika silabi anaweza kutamka neno asilowahi kulisikia maishani, na kulitamka sawasawa, bila kulielewa. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 uligundua kwamba ni takriban asilimia 8 tu ya watoto wa darasa la pili waliosoma Kiswahili kwa ufahamu wa kiwango kilichotarajiwa. Utafiti wa Uwezo, ambao tangu 2010 uliwafuata watoto majumbani mwao, nao ulikuta wengi wa darasa la tatu wakishindwa hadithi ya darasa la pili. Mwaka 2015 ulipokuja mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo unaoweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu, tunaouita KKK, tatizo hili lilikuwa limeshajulikana na kila mwalimu mkuu nchini. Mtaala ulikuwa wa lazima. Ila darasani kuna watoto wengi na mwalimu mmoja, na hata akiwa hodari namna gani, muda wa kumsikiliza mmoja mmoja akisoma ukurasa mzima hana.

Kazi hiyo ya kusikiliza ndiyo inayobaki nyumbani, na ndiyo ninayoizungumzia katika sura hii.

Wazazi wengi wa huku Kigoma, wawe wa Kibirizi, Katonga au Ujiji, ukiwaambia habari hizi wana jibu moja: mimi mwenyewe sikusoma, nitamsaidiaje? Jibu hilo lina heshima ndani yake, maana anayelitoa hataki kumharibia mwanawe. Lakini si la kweli, na ushahidi mzuri wa kuonyesha hivyo umetoka mbali na huku. Kati ya 1976 na 1978, katika shule za msingi za Haringey, London, eneo la watu wa kipato kidogo na wahamiaji wengi, watafiti Jack Tizard, William Schofield na Jenny Hewison walifanya jambo rahisi. Watoto wa madarasa fulani walipewa vitabu vya kwenda navyo nyumbani wakawasomee wazazi wao. Katika shule nyingine, watoto waliongezewa mwalimu mtaalamu wa kuwasaidia kusoma. Wazazi kadhaa hawakuweza kusoma Kiingereza, wengine hata kukizungumza hawakukizungumza vizuri. Miaka miwili ilipokwisha, waliosonga mbele waziwazi walikuwa wale waliowasomea wazazi. Mwalimu wa ziada hakuleta badiliko la maana la kufananishwa na hilo.

Nimelisoma hilo mara nyingi na bado linanifurahisha. Mama asiyejua neno la Kiingereza, amekaa jikoni, anasikiliza, na kukaa kwake pale kunazidi mshahara wa mtaalamu.

Sasa tuone kusikiliza kwenyewe kunakuwaje, maana kuna kusikiliza na kuna kukaa karibu na mtu anayesoma. Chukua jioni ya kawaida. Mama ameweka ungo magotini anachambua dagaa, anatoa mchanga na vijiti. Mtoto wa darasa la tatu yuko pembeni yake mkekani na kitabu cha hadithi. Ni hadithi ya sungura na mamba mtoni, ambayo kila mtu ameisikia kwa namna yake. Mtoto anasoma vizuri mpaka anafika kwenye neno "akamng'ang'ania". Anasimama. Anajaribu: "aka... akamu... akamnga..."

Mzazi aliyesoma, hapa ndipo anapoharibu. Analiona neno kabla ya mtoto, linamwasha ulimini, analitoa. Mtoto analipokea, anaendelea, na amejifunza jambo moja: ukikwama, tazama juu, neno litakuja. Mama wa ungo hana neno la kutoa. Anaendelea kuchambua. Mtoto anarudi nyuma, anapasua silabi: a, ka, m, nga, nga, ni, a. Anatamka "akamngangania," kwa ng ya ngazi. Mama anauliza, bila kuinua macho, "Ndiyo nini hiyo?"

Swali hilo lina thamani ya somo zima. Halimwambii mtoto kwamba amekosea, linamwambia kwamba maneno ni lazima yawe na maana. Mtoto analitazama tena neno, anaona kile kialama juu baada ya g, anakumbuka mamba anafanya nini kwa mguu wa mtu, na neno linafunguka lenyewe: "Aaa! Akamng'ang'ania mguu!" Hapo umeshuhudia kusoma kukitokea. Sauti ilimfikisha nusu ya njia, maana ikamvusha.

Huko New Zealand, katika kitongoji cha Mangere, Auckland, mwishoni mwa miaka ya 1970, Ted Glynn na Stuart McNaughton waliwafundisha wazazi utaratibu wa namna hii. Mtoto akikwama, mzazi asubiri kama sekunde tano kabla ya kusema lolote. Baada ya hapo atoe kidokezo, asitoe neno. Akifaulu, amsifu kwa alichokifanya hasa, kwamba amerudi nyuma mwenyewe akalitafuta. Sekunde tano zinasikika chache. Jaribu kuzihesabu kimoyomoyo huku mwanao akihangaika na neno unalolijua, utaona zilivyo ndefu. Kwa hili mzazi asiyejua kusoma ana nafuu kubwa kuliko daktari na mhasibu, na ningependa wanaowadharau wazazi wa vijijini walifikirie hilo kidogo.

Kisha mtoto anasoma kinachofuata: sungura akacheka, akamwambia mamba kwamba alichoshika ni mzizi wa mti. Mama anauliza tena, "Alicheka kwa nini, naye ameumwa mguu?" Mtoto atafikiri. Huenda akasema sungura hakuumia, huenda akasema ni ujanja, ili mamba aachie. Majibu yote mawili yanahitaji kurudi kwenye kitabu. Maswali ya namna hii hayahitaji cheti, yanahitaji mtu anayetaka kujua kilichotokea. Kinyume chake ni maswali ya mtihani, "Hadithi inamhusu nani? Walikuwa wapi?", ambayo mtoto hujibu kwa kunakili neno kutoka mstari wa kwanza, na ambayo wazazi waliosoma huyapenda kwa sababu wao pia waliulizwa hivyo.

Kusahihisha kila kosa nako kunaua. Watoto wengi wa huku huchanganya l na r, kwa sababu ndivyo mdomo ulivyozoea tangu nyumbani kwenye Kiha. Mtoto anayesoma "amerara" mahali palipoandikwa "amelala" amesoma na ameelewa. Ukimsimamisha hapo umemvuruga kwa jambo ambalo si la kusoma, ni la lafudhi. Kosa la kusimamisha ni lile linalobadilisha maana naye akapita kama hakuna kitu: "hakwenda" akalisoma "alikwenda", na hadithi ikageuka. Hata hapo subiri afike kwenye nukta. Mara nyingi atashtuka mwenyewe.

Kuhusu Kiha, au Kibembe, au lugha yoyote inayosemwa jikoni: wazazi wengine wameshauriwa waiache ili mtoto azoee Kiswahili mapema. Ushauri huo mimi siukubali. Mtoto anayesimuliwa hadithi ndefu usiku kwa Kiha anajifunza kushika visa, kukumbuka nani alimfanyia nani nini, kukisia mwisho, na vyote hivyo anavibeba mpaka kwenye kitabu cha Kiswahili. Asiyesimuliwa chochote kwa lugha yoyote ndiye anayefika kwenye kitabu mikono mitupu. Programu ya utayari wa shule iliyofika Kigoma kupitia mradi wa EQUIP-Tanzania, ulioanza 2014, ilijengwa juu ya hadithi kwa sababu kama hiyo, ikiwalenga watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Soma kwa Kiswahili, jadilianeni kwa lugha inayokuja yenyewe.

Tuje kwenye muda, maana hapa vitabu vya malezi vya wenzetu vinatutupa. Vinasema: msomee mwanao kitandani kila usiku kabla hajalala. Vimeandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Baba anaingia ziwani jioni, anarudi alfajiri, analala mchana. Mama anamsubiri mwaloni alfajiri hiyohiyo kununua mzigo, kisha kutwa nzima ni kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru na kuku, na kuanua wingu likitanda. Usiku wote wamekwisha, na taa yenye mwanga wa maana iko kwenye mtumbwi, si nyumbani.

Kwa hiyo usiku uachwe. Saa kumi na moja jioni mwanga ni wa bure na watu wako nje. Dakika kumi zinatosha, na kazi ya mikono haizuii sikio. Kuchambua dagaa, kumenya mihogo, kushona wavu, vyote vinaruhusu kusikiliza, na nadhani vinasaidia, kwa sababu mtoto anasoma vizuri zaidi asipokodolewa macho. Baba ana zamu yake pia, na mwezi ndio unaompangia. Mbalamwezi ikishakuwa kali taa haiwavuti tena dagaa, mitumbwi inapumzishwa, na kwa siku kadhaa wavuvi wanashinda ufukweni wakikarabati nyavu. Siku hizo mtoto amsomee baba. Kila mwezi zinarudi, hata kalenda haihitajiki. Mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, mapumziko hayo yakawa ya miezi mitatu. Sitaigeuza njaa ya watu kuwa neema, ila waliokuwa na watoto wa shule walipata jioni ambazo hawajawahi kuzipata.

Na nyumba ikiwa na watu wengi, wote wasikilize. Wazee wetu wanalijua hili kuliko sisi. Mwaka 1973, katika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake anayejua kusoma. Redio ikizimwa, kijitabu kinasomwa, watu wanabishana kuhusu vyoo na mbu na maji, kisha wanaondoka kwenda kuchimba. Wengi waliokaa kwenye vikundi vile hawakujua kusoma. Bibi anayesikiliza mjukuu akisoma kitabu cha shule leo anarudia kitu alichokifanya akiwa msichana, na ukimuuliza atakumbuka.

Vitabu vyenyewe vinatoka wapi? Maktaba ya mkoa ipo mjini Kigoma, sehemu ya mtandao uliotokana na sheria ya huduma za maktaba ya mwaka 1963, na mtoto anaruhusiwa kuingia. Wazazi wengi hawajui, wanadhani ni ya wanafunzi wa chuo. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na hadithi fupi za Kiswahili za African Storybook zinapakuliwa bila malipo, kwa mwenye simu na bando. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukitoa vitabu vya hadithi kwa Kiswahili tangu 1991. Mwenye shilingi kidogo na anunue kimoja, kirudiwe mpaka kichanike. Kurudia kitabu kilekile si uvivu. Mara ya nne mtoto hapambani tena na silabi, anasikia hadithi.

Kisipopatikana, kinatengenezwa. Daftari la kurasa 32, mtoto anasimulia lililotokea mwaloni leo, kaka au dada mkubwa anaandika kwa herufi kubwa vilevile alivyosema, mwenyewe anachora mtumbwi juu. Kesho anasoma. Atakisoma, kwa sababu maneno ni yake. Namjua mwalimu anayesema vitabu vya namna hii vina makosa ya tahajia. Vinayo. Virekebishwe polepole.

Halafu kuna kusoma kunakotakiwa na nyumba. Mtoto asome maelekezo kwenye karatasi ya dawa mbele ya mtu mzima, namba za umeme wa LUKU tarakimu baada ya tarakimu, orodha ya waliochukua dagaa kwa mkopo, tangazo la mkutano wa mtaa lililobandikwa ukutani. Bibi aletewe ujumbe wake wa simu usomwe. (Ujumbe wa pesa na namba ya siri viachwe kwa mtu mzima, huko si kusoma, ni majaribu.) Mtoto anayetegemewa kusoma hujiona msomaji, na hiyo ndiyo imani ya nafsi tunayoitafuta kwa kumsifu bure.

Wako watakaouliza kuhusu tableti. Katika mkoa wa Tanga, shindano la kimataifa la XPRIZE lililohitimishwa 2019 liliwapa vifaa hivyo watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 kwa miezi 15, bila mwalimu. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili, na mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Ni matokeo makubwa, yanayoonyesha mtoto anaweza kujifundisha kuliko tunavyodhani. Nusu nyingine ilibaki palepale. Kifaa hakijui kuuliza sungura alicheka kwa nini.

Kisha unafika wakati ambao mtoto hataki tena kukusomea. Mara nyingi ni karibu na darasa la nne. Anasema "nimeshakisoma" na kuondoka na kitabu pembeni, midomo inacheza kidogo, baadaye haichezi. Mzazi aliyezoea dakika zake kumi anaona amedharauliwa. Mwache. Umbali huo ndio uliokuwa ukiutafuta tangu mwanzo. Ukitaka kujua kama ameelewa, usimrudishe kwenye kusoma kwa sauti, mwambie amsimulie mdogo wake. Akisimulia na kuruka katikati, kuna ukurasa umempita. Akiongeza chumvi, ameelewa sana.

Na hatachagua unachotaka wewe. Atasoma katuni. Kizazi chetu kilikuzwa na Madenge na Lodilofa wa gazeti la Sani, tukilificha chini ya daftari la hesabu, na sijaona tulichopoteza. Mwanao atasoma kipande cha gazeti lililofungiwa vitumbua. Atasoma Mwanaspoti mpaka majina ya wachezaji wa akiba wa Simba na Yanga.

Hapo ndipo utakapokutana na jaribio la mwisho, na hili wazazi hawaambiwi. Jioni moja utakuwa barazani na wenzako, utasema bao lilifungwa dakika fulani, na mtoto wa miaka kumi na moja atasema, mbele ya watu, "Baba, sivyo walivyoandika." Kwetu mtoto hamkosoi mzazi hadharani, na desturi hiyo ina sababu zake; sikuombi uitupe. Unaweza kumfundisha namna ya kusema, aanze na "samahani, baba". Lakini kabla ya somo la adabu mtume akalilete hilo gazeti, alisome mbele ya wote, na wale wenzako wa barazani waamue nani ana haki.